Picha za Ngumi Hazihitaji Kuombewa Radhi

Picha za ngumi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zimekwisha kuhukumiwa, na hukumu yenyewe imerudiwa mara nyingi hata hakuna anayeuliza tena ilipitishwa kwa ushahidi gani. Wanasema zilikuwa takataka. Hadithi ni ileile: kaka ameuawa au amelemazwa, mdogo mtu anakwenda kufundishwa na mzee wa Kiasia asiye na maneno mengi, anapiga zoezi huku muziki ukipanda, kisha anarudi kulipiza. Steringi hajui kuigiza, adui anacheka kwa sauti nene, polisi wanafika watu wakishamalizana. Mtu mzima wa leo akikiri kwamba bado anaipenda Kickboxer au Double Impact hupewa msamaha wa aina moja tu, kwamba anaupenda utoto wake na kuusingizia mkanda. Huku kwetu huongezwa kipande kingine: watu walijaa vibanda vya video kwa sababu hawakuwa na kingine cha kutazama, na kwa sababu Kiingereza kiliwapita, wakabaki kushangilia mateke. Hata wanaojidai watetezi wake siku hizi huishia palepale. Husema ni mbaya kiasi cha kuwa nzuri, wakazicheka kwa mapenzi. Utetezi wa namna hiyo ni tusi kubwa kuliko shutuma, kwa sababu anayeshutumu walau amekubali kwamba lipo jambo la kujadiliwa.

Dai langu ni kwamba picha hizo zilipendwa, na zinaendelea kupendwa, kwa kuwa zilimpa mtazamaji kitu ambacho sinema nyingi haimpi: ushahidi. Zilidai kwamba mtu huyu anaweza kufanya jambo hili, kisha zikamwonyesha akilifanya, mwili wake wote ukiwa ndani ya fremu, kwa muda unaotosha jicho kupima. Mtazamaji hakuombwa aamini. Alikalishwa kwenye kiti cha hakimu, akaona mguu ulipotoka, ulikopita na ulipofika, akaamua mwenyewe kama mpigaji anajua au anabahatisha. Hadithi nyepesi, maneno machache, maadui waliopangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa, vyote hivyo vilitumikia kazi hiyo moja. Si picha zote zilizoifanya vizuri, na nyingi ziliifanya vibaya sana. Lakini mwenye kipimo hiki anaweza kuchambua pumba na mchele, jambo ambalo wanaozihukumu zote kwa mkupuo hawajawahi kujisumbua kulifanya.

Tuanze na Hong Kong, maana ndiko ufundi huo ulikofikia kilele. Wakosoaji wengi huanza na Marekani kwa sababu huko ni rahisi kushinda. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa katika shule ya opera ya Peking ya mwalimu Yu Jim-yuen, iliyokuwa hapo Hong Kong, ambako watoto walifungwa kwa mkataba wa miaka mingi wakifundishwa sarakasi, kuimba, kushika silaha na kuanguka. Jet Li alitoka timu ya wushu ya Beijing, akawa bingwa wa taifa la China akiwa angali kijana mdogo, kabla ya kuingia kwenye sinema na Shaolin Temple mwaka 1982. Waongozaji waliopokea watu wa namna hiyo walijua wamepewa nini, wakaipanga kamera kwa ajili yao. Mtaalamu wa filamu wa Marekani David Bordwell, katika kitabu chake Planet Hong Kong cha mwaka 2000, aliieleza kanuni yao: kwanza utulivu, kisha mlipuko, kisha utulivu tena, ili jicho lisome mkao kabla ya pigo na lisome matokeo baada yake. Tazama pambano la mwisho la Drunken Master II ya mwaka 1994, ndani ya kiwanda, kati ya Jackie Chan na Ken Lo, ambaye alikuwa mlinzi wake nje ya kamera. Ken Lo anasimama kwa mguu mmoja na kuurusha ule mwingine tena na tena bila kuushusha chini, na kamera iko mbali kiasi cha kuwaonyesha wote wawili kuanzia unyayo hadi utosi. Zima sauti kabisa. Bado utajua nani anazidiwa, kwa nini, na ni lini hasa aliyezidiwa anagundua mlango wa kutokea. Pambano hilo lilipigwa kwa miezi, na kila mwezi wake unaonekana.

Atasema mtu: sawa, lakini ustadi wa mwili haujawa sinema, sinema ni hadithi na ni watu wenye nafsi. Hoja hiyo ina heshima yake, ila wanaoitoa hawaitumii kwa haki. Top Hat ya mwaka 1935, aliyocheza mcheza dansi Fred Astaire pamoja na Ginger Rogers, ina hadithi ya kipuuzi ya mwanamke anayemdhania mwanamume kuwa mume wa rafiki yake. Hakuna chuo cha filamu kinachoiita takataka. Vyuo hufundisha kwamba Astaire alidai apigwe picha mwili mzima, kwa mikato michache, ili mtazamaji asidanganywe juu ya miguu yake. Buster Keaton, mwaka 1928, alisimama palepale huku ukuta wa nyumba ukimwangukia, akapona kwa sababu tundu la dirisha lilipita pale alipokuwa. Leo hilo linaitwa sanaa kubwa, na ni kweli. Jackie Chan alilirudia tendo hilohilo katika Project A Part II mwaka 1987, waziwazi, kama mwanafunzi anayemsalimu mwalimu. Ukoo ni mmoja, basi kwa nini sifa ileile iwe sanaa ikivaa koti la mkia na iwe upuuzi ikivaa vazi la kareti? Sioni jibu jingine ila walipokaa watazamaji. Astaire alitazamwa kwenye majumba ya sinema yenye zulia. Jean-Claude Van Damme, yule wa Kickboxer, alitazamwa kwenye kanda za kukodi, sebuleni na vibandani. Hukumu iliwashukia walioketi kwenye benchi, ikajifanya inazungumzia picha.

Sasa Marekani. Sitajifanya kwamba kila kilichotoka huko kilikuwa dhahabu. Picha zenyewe zilikuwa nyingi, nyingine zikienda moja kwa moja kwenye kanda bila kupita sinema, na ratiba zake za kupiga picha zilikuwa fupi mno kulinganisha na miezi ya Hong Kong. Steven Seagal alifundisha aikido Japani kabla ya kuwa nyota, na katika Above the Law ya mwaka 1988 unaiona elimu hiyo mikononi mwake. Kadiri miaka ilivyokwenda kamera ikamsogelea zaidi, mikato ikaongezeka, na mvuto wake ukapungua kwa kiwango kilekile ushahidi ulivyopungua. Van Damme naye anachekwa kwa teke linaloonyeshwa mara tatu kwa mwendo wa polepole. Nakubali kwamba ni majivuno. Lakini majivuno hayo yanahitaji teke lipo. Kijana huyo wa Ubelgiji alisomea kareti na balei, na ile miguu inayofunguka mpaka chini katika Bloodsport ni miguu yake. Kurudia tendo mara tatu ni kumwambia mtazamaji akague tena. Cynthia Rothrock, aliyekuwa bingwa wa mashindano ya maonyesho ya kareti kabla ya kwenda Hong Kong, alicheza mwaka 1985 pamoja na Michelle Yeoh katika Yes, Madam, na aliporudi Marekani akapewa China O'Brien mwaka 1990. Bajeti imeshuka, taa zimefifia, maongezi ni ya ovyo, na bado anapoinua mguu unaona kwa nini aliitwa. Hapo ndipo penye uthibitisho mzuri kuliko wote: vitu vyote vingine vimeharibika na picha bado inatazamika. Kama mvuto ungekuwa kwenye hadithi au uigizaji au muziki, usingebaki.

Tuje kwetu, kwa kuwa ile hoja ya «hawakuwa na kingine» inasemwa hasa juu ya watu wa huku. Ni kweli kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa watu wengi wa bara video ilitangulia televisheni. Ni kweli pia kwamba kanda zilifika kwa njia za panya na kwa kuchelewa, ndiyo maana Bloodsport ya 1988 kwa wengi ni picha ya miaka ya tisini. Lakini kukosa televisheni si kukosa cha kutazama. Majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa yalikuwa yameonyesha picha za Kihindi kwa miongo kadhaa, watu wakijua nyimbo kwa moyo na waigizaji kwa majina. Na video ilipoingia, picha hizo ziliingia nayo. Mwenye kibanda alikuwa mfanyabiashara aliyeandika ubaoni kile kitakachojaza benchi. Wateja wake waliijua sinema ndefu yenye machozi, ndoa na nyimbo, waliipenda, na bado wakatoa hela yao kwa Jet Li. Kumwita mtu wa namna hiyo mshamba asiyejua kuchagua ni kutomjua.

Na lile la Kiingereza? Kwanza, Kiingereza hakina uhusiano wowote na Once Upon a Time in China ya Jet Li, iliyozungumzwa Kikantoni na kutazamwa na dunia nzima kwa sauti zilizopachikwa au maandishi ya chini yanayopita kasi. Pili, watu wa huku walilitatua jambo hilo kwa ufundi wao. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyezitafsiri picha za kigeni kwa Kiswahili hata sauti yake ikawa sehemu ya mkanda. Kenya ina DJ Afro. Kampala ina watu wanaoitwa VJ, wanaosimulia kwa Kiganda huku picha ikienda. Watu hawa hawafasiri neno kwa neno. Wanaongeza majina ya mitaa, utani, ushauri kwa steringi, kejeli kwa adui, na wakati mwingine hadithi nzima inahamia Manzese au Kariobangi. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu picha yenyewe inajisimamia. Jaribu kumsimulia hivyo mtu anayetazama picha ya mahakamani, ambamo kila kitu kimo katika maneno, uone kama haitasambaratika. Pambano lililopigwa vizuri linabaki limesema lake hata msimulizi akiropoka, na ndiyo maana lilimpa nafasi ya kuropoka. Wanaoona hapo upungufu wa mtazamaji wamekosea mahali pa kuangalia. Kilichopo ni sinema iliyojitosheleza kwa picha, jambo ambalo waandishi wa enzi ya filamu bubu walililia sana sauti ilipoingia.

Hoja ya utoto ndiyo inayopendwa kuliko zote, kwa kuwa inamnyamazisha mtetezi kwa upole. Nayo inaweza kupimwa. Wakati uleule, vibanda vilevile, kwa watoto walewale, zilionyeshwa picha za ninja za mwongozaji Godfrey Ho wa Hong Kong. Yeye alichukua filamu za watu wengine wa Asia, akazipachika vipande vipya vya wazungu waliovaa mavazi ya ninja ya rangi kali, akaziuza kama kazi mpya. Anayepigana hapa na anayeanguka kule walitoka filamu mbili tofauti. Zilishangiliwa, hakuna ubishi. Lakini nani leo anazitazama ila kwa kucheka? Kama mvuto ungekuwa wa utoto tu, ninja wale wangepata mapenzi sawa na Fist of Legend ya Jet Li, kwa kuwa utoto haubagui. Badala yake muda umechuja, na umechuja kwa kipimo kimoja: pale mwili ulipofanya jambo mbele ya kamera, picha imebaki, pale mkasi ulipojifanya mwili, imekufa.

Tena, mtu anayekumbuka utoto hukusanya mabango na kanda. Picha hizi zimezaa kitu kingine, zimezaa mafundi. Tony Jaa wa Thailand alikua akiwatazama Bruce Lee, Jackie Chan na Jet Li, akaenda kujifunza, na mwaka 2003 akatoa Ong-Bak, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuna kamba ya kumwinua mtu hewani. Yuen Woo-ping, aliyepanga mapigano ya Fist of Legend na kuongoza Iron Monkey mwaka 1993, ndiye aliyeitwa kuwafundisha waigizaji wa The Matrix ya 1999. Aliyekuwa mbadala wa Keanu Reeves kwenye hatari za filamu hiyo, Chad Stahelski, ndiye aliyekuja kuongoza John Wick, na alichofanya ni kuirudisha kamera nyuma na kuacha mikato michache. Pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex kwa vijana wa mtaani wanaofanya mazoezi ya kung fu uani, na watu wa Ulaya na Marekani wakaja kumtazama. Kila mmoja wao alichukua kanuni na kuitumia kwa namna yake.

Mwezi Novemba 1993, mjini Denver, yalifanyika mashindano ya kwanza ya UFC, ya kupigana kweli bila kuigiza, na Royce Gracie, mtu mwembamba kuliko wengi aliokutana nao, akawashinda kwa kuwakaba chini. Tangu hapo kuna wanaosema picha za ngumi zilifichuliwa kuwa uongo: hakuna anayeshinda ugomvi kwa teke la kuzunguka hewani, na maadui wanane hawasubiri zamu. Wako sahihi juu ya ugomvi. Wamekosea juu ya picha, kwani picha hazikutoa ushahidi wa jinsi ya kushinda ugomvi, isipokuwa pale wauzaji walipoitangaza Bloodsport kuwa kisa cha kweli cha Frank Dux, madai ambayo waandishi wa habari wa Marekani wameyatilia shaka kwa muda mrefu. Ushahidi ninaousema mimi ni wa uwezo wa mwili. Miguu ya Donnie Yen katika Iron Monkey inafanya inachofanya, awe angeshinda ulingoni au la. Anayecheza ngoma ya sindimba hadaiwi athibitishe kwamba kiuno chake kinaweza kulima.

Kuna pingamizi kali zaidi la upande huo: kamba na mbadala. Wakati wa kupiga Once Upon a Time in China mwaka 1991 Jet Li aliumia mguu, na pambano mashuhuri la ngazi likamaliziwa kwa kiasi kikubwa na wengine, Xiong Xinxin akiwa mmoja wao. Na watu wanaruka kwa kamba humo. Ushahidi uko wapi basi? Uko palepale, ila umebadilisha mwenyewe. Aliyesimama juu ya ngazi ile ni mtu mwenye uzito, anayeweza kuanguka. Jina lake silo lililo kwenye bango. Kamba humpandisha, lakini haimfundishi kunyoosha mguu wala kutua bila kuyumba. Hiyo ni dhuluma ya majina, nami nitarudi kwenye hilo, lakini haigusi kile jicho lilichokiona. Linganisha na Taken 3 ya mwaka 2014, ambamo Liam Neeson anaruka uzio wa waya kwa mikato zaidi ya kumi katika sekunde chache. Mtazamaji anapewa kelele, kipande cha kiatu, kipande cha mkono, kisha anaambiwa mtu amevuka. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtoto aliyezoea Police Story 3 angedai afunguliwe gunia; kwenye picha hiyo ya mwaka 1992 Michelle Yeoh anarusha pikipiki juu ya treni inayotembea, na unamwona.

Lililo zito ni siasa. Tong Po, jitu la kutisha la Kickboxer, ni Mthai aliyechezwa na Michel Qissi, mzaliwa wa Moroko aliyekulia Ubelgiji, akabadilishwa sura kwa vipodozi. Picha inampa ubakaji na ukatili ili tusione haya kufurahi anapopigwa. Mtindo wa mzungu anayekwenda Asia, akajifunza kwa miezi michache kilichowachukua wenyeji maisha, kisha akawashinda kwao, ulirudiwa mno na unastahili kila jiwe ulilotupiwa. Siutetei. Ninachokataa ni kuufanya uwe tabia ya aina nzima. Once Upon a Time in China inamhusu Wong Fei-hung, tabibu na mwalimu wa Foshan, akiishi katika China inayomegwa na madola ya kigeni, na swali lake ni la kuumiza: ngumi zina faida gani mbele ya bunduki? Mwalimu Yim, mpinzani wake wa pambano la ngazi, hafi kwa teke; anaangushwa na risasi, na picha inajua maana yake. Fist of Legend inachukua kisa cha Chen Zhen kilichochezwa na Bruce Lee mwaka 1972 kwa hasira tupu dhidi ya Wajapani, inampa Chen mpenzi wa Kijapani na bwana wa Kijapani anayestahili heshima, bila kuusahau uvamizi. Watu waliotawaliwa, na huku kwetu walikuwapo wengi vibandani, hawakuhitaji maandishi ya chini ili kuelewa kibao cha kuwabagua Wachina, katika picha ile ya Bruce Lee, kinapovunjwa kwa mguu. Mkosoaji anayeziona picha hizo na kuripoti misuli tu ametazama kidogo kuliko mtoto aliyekaa mbele.

Juu ya dai kwamba ziliwafundisha watoto vurugu, nitapita haraka. Watoto waliigana mateke uwanjani, kisha baadhi yao wakaenda kutafuta mwalimu wa kareti, ambako kitu cha kwanza walichofundishwa ni kuinama na kusubiri. Bunduki haimtaki mtu awe na nidhamu, teke linataka.

Linabaki shtaka moja ambalo wakosoaji hawalitoi, na ndilo ambalo wangepaswa kulitoa. Ushahidi una gharama, na mwenye kulipa si mtazamaji. Wakati wa kupiga Armour of God huko Yugoslavia, Jackie Chan alianguka kutoka mtini akapasuka fuvu. Katika Drunken Master II alijiburuta juu ya makaa. Picha zake humalizika kwa vipande vya walipokosea, watu wakibebwa, wakishika viuno, wakicheka kwa uchungu, na ukumbi unacheka nao. Vipande hivyo ni uaminifu mkubwa na papo hapo ni namna ya kuyageuza maumivu kuwa burudani ya pili. Na yeye walau ni nyota. Walioangukia vioo, ngazi na meza kwa ajili yake walikuwa wengi kuliko idadi ya majina tunayoyajua. Akademi ya Marekani ilimpa Chan tuzo ya heshima mwaka 2016, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba tuzo ya ubunifu wa matendo ya hatari itaanza kwa filamu za mwaka 2027, karibu miaka mia moja baada ya ukuta wa Keaton. Anayesema picha hizi zilinunua furaha yetu kwa mifupa ya wengine ana kesi, na mimi sina utetezi kamili wa kumpa. Ila asikae benchi moja na wanaoziita upuuzi, kwa maana kesi yake inasimama tu ikiwa kilichotokea mbele ya kamera kilitokea kweli; na akishalikubali hilo, mazungumzo yanayofuata ni ya malipo, bima na majina ya wale waliokuwa juu ya ngazi.